Kwa nini rangi ya bafu hubambuka kila mwaka, na namna ya kuikomesha hasara hiyo

RANGI ya bafu inapobambuka, wa kwanza kulaumiwa ni fundi aliyeipaka, na wa pili ni kampuni iliyoitengeneza. Mwenye nyumba hununua mkebe mwingine, wa bei ya juu zaidi, akaupaka juu ya mabaki ya ule wa zamani. Baada ya miezi michache ukuta huota malengelenge, na magamba ya rangi huanza kudondokea kwenye sabuni na ndani ya ndoo ya maji ya kuoga.

Hasara hiyo inafahamika vyema katika eneo la Suna, Kaunti ya Migori. Mji wa Migori umepanuka kandokando ya barabara kuu inayotoka Kisumu kuelekea Isebania, na nyumba za kupangisha zimechipuka kuanzia Oruba hadi Kakrao. Katika ploti nyingi bafu moja hutumiwa na wapangaji wa vyumba kadhaa. Ukuta wa bafu la aina hiyo hulowa alfajiri, ukalowa tena jioni, na aghalabu hauna nafasi ya kukauka.

Ukweli ni kwamba mara nyingi rangi yenyewe haina kosa. Rangi ni ngozi nyembamba mno. Matabaka mawili yaliyokauka kwa kawaida hayafikii unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita. Ngozi hiyo haina nguvu ya kuushika ukuta unaomeng'enyuka, wala ya kuyazuia maji yanayosukuma kutoka ndani. Anayetaka rangi idumu hana budi kuutengeneza ukuta kwanza, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kungoja.

Msimu wa rangi ni msimu wa mvua

Kosa la kwanza ni la kalenda. Familia nyingi hupaka nyumba rangi kati ya Novemba na Desemba ili wageni wa Krismasi waikute ikimeremeta. Ni desturi njema, ila huangukia wakati ambapo mvua za vuli zinanyesha au ndipo tu zimekatika. Kuta huwa zimefyonza maji, na hewa ina unyevu mwingi kiasi cha kuchelewesha ukaukaji.

Wakati ufaao zaidi ni Januari na Februari, kabla ya mvua za masika zinazoanza Machi. Tatizo ni kwamba Januari fedha huelekezwa kwenye karo na sare za shule, hivyo bafu husahaulika hadi Desemba nyingine.

Suluhisho ni kuigawa kazi mara mbili. Kukwangua rangi mbovu, kuziba panapovuja na kukarabati plasta ni shughuli zinazohitaji jasho kuliko fedha, na zinaweza kufanywa mapema. Mkebe wa rangi ununuliwe baadaye, ukuta ukishakauka. Bafu lenye plasta safi isiyopakwa rangi kwa miezi miwili halina aibu yoyote.

Maji hutoka wapi?

Maji huufikia ukuta wa bafu kwa njia nne, na kila njia ina alama yake.

Njia ya kwanza ni mnyunyizo wa anayeoga. Penye desturi ya kuogea ndoo, sehemu inayoumia zaidi ni ile iliyo kati ya sakafu na kiuno. Penye bomba la mvua, uharibifu hupanda hadi usawa wa kichwa.

Njia ya pili ni mvuke. Maji ya moto yanapotumiwa, mvuke hupanda na kugeuka matone penye ubaridi, hasa darini na kwenye pembe za juu. Hapo ndipo madoa meusi ya kuvu huonekana, na rangi hubambuka pembeni ilhali katikati ya ukuta ingali nzima.

Njia ya tatu ni maji ya ardhini. Matofali, yawe ya kuchoma au ya saruji, hufyonza maji kama utambi wa taa unavyofyonza mafuta. Iwapo mwashi hakutandika karatasi nzito ya nailoni juu ya msingi kabla ya kuinua ukuta, unyevu hupanda taratibu kutoka chini. Alama yake ni mstari wa rangi iliyokufa unaolingana pande zote za chumba, aghalabu ukiambatana na unga mweupe wa chumvi.

Njia ya nne ni uvujaji: bomba lililozikwa ukutani, kiungo kilicholegea au bati lililotoboka. Doa la uvujaji hukaa mahali pamoja na hukua hata bafu lisipotumiwa.

Ni lazima njia husika ijulikane kabla ya jambo lingine lolote. Kumpakia rangi ghali mtu ambaye ukuta wake unanyonya maji kutoka ardhini ni kumuuzia mwavuli mtu aliyesimama mtoni.

Ukuta uliotayarishwa vibaya

Mbali na maji, yapo makosa ya ujenzi yanayojitokeza tena na tena.

Mojawapo ni mchanga mchafu. Mchanga unaochotwa mitoni mara nyingi huja na tope. Tope hilo huzuia saruji kushikana na chembe za mchanga, na matokeo yake ni plasta inayogeuka vumbi ukiipapasa. Rangi iliyopakwa juu ya vumbi hushika vumbi, haishiki ukuta.

Kuna jaribio rahisi la kuupima mchanga. Jaza nusu ya chupa ya kioo kwa mchanga, mimina maji yenye kijiko cha chumvi hadi karibu na mdomo, tikisa kwa nguvu kisha uache itulie kwa saa kadhaa. Mchanga utashuka chini na tope litatanda juu yake. Tope likizidi takriban sehemu moja kati ya kumi na mbili ya kimo cha mchanga, mchanga huo uoshwe au ukataliwe.

Kosa jingine ni haraka. Plasta ya saruji huhitaji mambo mawili yanayoonekana kupingana. Katika siku za mwanzo, angalau tatu hadi saba, inapaswa kunyunyiziwa maji ili saruji ikomae. Baadaye inapaswa kuachwa ikauke kabisa kwa muda usiopungua wiki nne, na zaidi ya hapo wakati wa mvua. Fundi anayepaka rangi wiki moja baada ya plasta huyafungia maji ndani, nayo yatatafuta njia ya kutokea.

Isitoshe, saruji mbichi ina alkali kali. Alkali hiyo inapokutana na rangi ya mafuta penye unyevu, huigeuza rangi kuwa kitu mfano wa sabuni. Ndiyo maana rangi ya mafuta iliyopakwa mapema juu ya plasta mpya hunata vidoleni, ikalainika na kuvuka kama ngozi ya muhogo uliochemshwa.

Kosa la tatu ni kupaka rangi juu ya kitu kisichoshikika. Kuta nyingi za nyumba za bei nafuu hupakwa chokaa kwanza ili zing'ae haraka. Rangi ya maji ikipakwa juu ya chokaa hiyo ya unga, hubanduka kwa vipande vipana kama karatasi. Hali ni hiyo hiyo juu ya rangi ya mafuta inayong'aa ambayo haikukwaruzwa kwa msasa, na juu ya utando wa sabuni na mafuta ya kujipaka ambao macho hayauoni.

Kuna pia uchakachuaji. Rangi ya maji ikizimuliwa kupita maagizo ya mkebe hubaki maji yenye rangi. Wengine huizimua rangi ya mafuta kwa petroli badala ya tapentaini. Huko si kudhoofisha rangi tu, bali ni kuhatarisha maisha: mvuke wa petroli ndani ya chumba kidogo kisicho na hewa unaweza kulipuka kwa cheche moja.

Ukuta unaopumua

Wazee hawakuwa na mikebe ya rangi, lakini kanuni ya ukuta na maji waliijua. Katika maboma ya eneo hili, nyumba ya udongo ilikandikwa upya kila ilipochakaa. Gamba lililolegea liliondolewa kwanza, kisha udongo uliochanganywa na samadi ya ng'ombe ukasiribwa juu ya udongo mwenziwe. Ukuta huo ulilowa na kukauka bila kufungiwa chochote.

Kanuni hiyo hiyo iliongoza ujenzi wa pwani. Nyumba za kale za Lamu na za Mji Mkongwe wa Zanzibar zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na kupakwa chokaa, ambayo huruhusu unyevu kutoka. Wahifadhi wa majengo hayo wamekuwa wakionya dhidi ya kuyakandika kwa saruji na kuyapaka rangi za plastiki, kwa kuwa maji hunaswa ndani na kuubomoa ukuta.

Funzo kwa mwenye bafu la saruji si kurudi kwenye udongo, bali kuzingatia mambo mawili: tabaka jipya lishike tabaka linalofanana nalo au lililotayarishwa, na maji yasifungiwe yasikoweza kutoka.

Chunguza kabla ya kununua

Majaribio manne yasiyo na gharama yatakuambia hali ya ukuta wako.

Kwanza, papasa ukuta kwa kiganja kikavu. Kiganja kikitoka cheupe, tabaka la juu ni unga na litaondolewa.

Pili, gongagonga kwa mpini wa mwiko au kwa sarafu. Panapotoa sauti ya mtungi mtupu, plasta imeachana na matofali na haina budi kubomolewa.

Tatu, chora alama ya msalaba kwa wembe juu ya rangi inayoonekana nzima, bandika selotepu juu yake, kisha uivute kwa ghafla. Rangi ikifuata selotepu, usiipake nyingine juu yake hata kama inapendeza machoni.

Nne, bandika kipande cha nailoni chenye upana wa nusu mita ukutani, ukizibe kingo zote kwa selotepu, na ukiache kwa siku moja au mbili bila kuoga humo. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini Agosti 2017, lakini nailoni ya ujenzi huuzwa kwa mita katika maduka ya vifaa. Matone yakionekana upande wa ndani, unaoelekea ukuta, maji yanatoka ukutani. Yakionekana upande wa nje, tatizo ni mvuke na ukosefu wa hewa.

Hatua za ukarabati

Baada ya kujua chanzo, kazi ifuate utaratibu huu.

Ziba chanzo cha maji. Rekebisha bomba, kiungo au bati. Kama maji hupanda kutoka ardhini, chimba mtaro wa kuyaondoa maji ya mvua nje ya ukuta na uondoe udongo uliorundikana juu ya usawa wa sakafu. Kama tatizo ni mvuke, ongeza tundu la hewa karibu na dari au fungua dirisha kwa muda mrefu zaidi baada ya kuoga.

Kwangua rangi yote iliyolegea. Endelea hadi ufikie rangi ambayo kikwangulio hakiwezi kuing'oa. Kuacha kipande kwa sababu bado kimeshika kidogo ni kupanda mbegu ya tatizo lijalo.

Hapa tahadhari inahitajika. Rangi za zamani, hasa za mafuta, huenda zina madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Kanuni za Kenya za sasa haziruhusu zaidi ya sehemu 90 za risasi katika kila sehemu milioni za rangi, lakini ukuta uliopakwa zamani hauijui kanuni hiyo. Usisugue rangi kuukuu ikiwa kavu. Ilowanishe, tumia msasa wa maji, ziba pua na mdomo, watoto na wajawazito wakae mbali, na magamba yote yakusanywe, yasifagiliwe uani wanakodonoa kuku.

Ondoa chumvi na kuvu. Unga mweupe wa chumvi upigwe brashi ukiwa mkavu, kwani maji huirudisha chumvi ndani ya ukuta. Kuvu ioshwe kwa dawa ya kung'arisha nguo, kipimo kimoja kwa vipimo vinne vya maji, ikae dakika 15 hivi kabla ya kusuuzwa. Dawa hiyo isichanganywe kamwe na asidi ya kusafishia choo, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu.

Osha utando wa sabuni na mafuta kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya unga, kisha suuza vizuri.

Karabati plasta. Bomoa panapolia utupu, lowanisha matofali, kisha kandika kwa saruji kipimo kimoja na mchanga safi vipimo vinne au vitano. Mashimo madogo na nyufa zizibwe kwa kijazio chenye saruji. Kijazio cha jasi ni laini na rahisi kusugua, lakini hulainika kikipata maji na hakifai bafuni.

Ngoja. Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi. Plasta mpya ingoje wiki nne. Ukuta wa zamani uliooshwa ungoje hadi jaribio la nailoni lionyeshe kuwa umekauka.

Paka rangi ya msingi inayohimili alkali, hasa penye plasta mpya. Rangi hii hushika ukuta na kuipa rangi ya juu mahali pa kujishikilia.

Hatimaye paka matabaka mawili ya rangi ya bafu, ukiacha la kwanza likauke kwa muda ulioandikwa mkebeni. Bafu lisitumiwe kwa siku kadhaa baada ya hapo. Wapangaji wanaochangia bafu moja wapange mapema watakapoogea.

Rangi kiasi gani?

Bafu lenye urefu wa mita 2, upana wa mita 1.5 na kimo cha mita 2.4 lina kuta za karibu mita 17 za mraba. Ukiondoa mlango na dirisha zinabaki kama 15, na dari ni mita 3. Lita moja ya rangi hufunika takriban mita 10 za mraba kwa tabaka moja, kwa hiyo matabaka mawili yatahitaji karibu lita 3.6. Mkebe mmoja wa lita 4 unatosha. Fundi anayedai mikebe mitatu, au anayesema lita moja itamaliza kazi, aulizwe maswali.

Penye mnyunyizo mkali, rangi hata iwe bora kiasi gani itachoka mapema. Mwenye uwezo na aweke vigae kuanzia sakafuni hadi mabegani. Asiye na uwezo anaweza kulainisha sehemu hiyo kwa saruji tupu iliyosuguliwa kwa mwiko wa chuma, na rangi ianzie juu yake. Ukuta wa aina hiyo huoshwa kwa brashi na hauna cha kubambuka.

Nani alipe?

Swali hili huzua ugomvi mwingi mpangaji anapohama. Wenye nyumba wengine hukata fedha za amana kwa madai kwamba rangi ya bafu imeharibiwa.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inatoa mwongozo. Kifungu cha 65 kinamtaka mwenye nyumba ya makazi ahakikishe kwamba inafaa kukaliwa na binadamu mwanzoni mwa mkataba na katika muda wote wa upangaji. Iwapo amepangisha sehemu tu ya jengo, basi paa, kuta za nje, kuta kuu na sehemu zinazotumiwa na wote ni jukumu lake. Kifungu cha 66 kinamtaka mpangaji aitunze nyumba ipasavyo, lakini hakimlazimishi kurekebisha uchakavu wa kawaida.

Kwa hiyo, rangi iliyobambuka kwa sababu ukuta unapandisha maji au ulipakwa ukiwa mbichi si deni la mpangaji. Aliyepigilia misumari ukutani au kuacha bomba likivuja miezi bila kutoa taarifa yu katika hali tofauti. Ni busara mpangaji apige picha za bafu siku ya kuingia, na uvujaji wowote auripoti kwa maandishi, hata kama ni ujumbe mfupi wa simu.

Naye mwenye nyumba anapoafikiana na fundi, asikubali bei ya rangi peke yake. Makubaliano yataje kukwangua, kuosha, kukarabati plasta, siku za kungoja na rangi ya msingi, na malipo yatolewe kwa awamu kufuatana na hatua hizo. Awamu ya mwisho ibaki hadi ukuta upitie majuma machache ya kuogewa.

Fundi atakayekubali masharti hayo huenda akadai ujira mkubwa kidogo kuliko mwenzake anayeahidi kumaliza kwa siku moja. Ila huyo wa siku moja atarudi Desemba ijayo, na mkebe mwingine atanunua mwenye nyumba.